Barafu Unayoikanyaga Kwanza

Kwako Wanjiku, mtoto mwenye jina la mama yangu,

Hapa Gatuanyaga jua linachoma mpaka kuku wanashinda midomo wazi chini ya tangi. Nimetoka zamu ya asubuhi kule kiwandani Thika, mikono bado inanuka nanasi, na hata viatu sijavua. Kwenye simu huwa unanikatiza ukinichekesha, na leo sitaki kucheka. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mvua ya masika ilivyokuwa ikijaza lile bonde la njia ya sokoni? Sikuruhusiwa kutia mguu kabla hujapima na fimbo yako. "Hapa ni magoti, Mum. Hapa ni kiuno, zunguka." Kiuno chako, si changu, lakini nilizunguka tu na mzigo wangu mgongoni, kwa sababu ulikuwa umejifanya askari mkubwa. Nilikuwa nakupenda ukiniamrisha vile.

Nani angejua hiyo itakuwa kazi ya mshahara? Uliponieleza mara ya kwanza nilidhani unanifanya mjinga. Ati huko ng'ambo uliko ziwa zima linaganda, watu wanatembea juu yake, wanatoboa shimo, wanateremsha kamba yenye chuma mpaka kiguse chini, wanaandika kina, halafu wanasonga mbele kutoboa lingine. Nikakuuliza kwa nini msingoje joto mwende na mashua kama watu wenye akili. Ukasema mashua inayumba, lakini kwenye barafu mtu anasimama pahali pamoja na kupima bila haraka. Mwaka jana hata bahari mlipima hivyo, karibu na ufuo. Haiya! Mimi barafu niliyoijua ni ile ya rangi, ya kwenye karatasi, uliyokuwa ukinyonya tukiishi Ruiru, unafika nyumbani ulimi mwekundu na unakataa kabisa kwamba umenunua.

Shida ya hiyo kazi ni kwamba inakuja na baridi, na baridi ya huko inakuja na Krismasi yetu. Kila mtu hapa anapokea watoto wake. Mimi napokea simu. Nimechoka na simu, Wanjiku. Nakutaka wewe mwenyewe, na kelele zako, na hiyo miguu yako mirefu juu ya kochi langu. Kuna siku napika chai ya watu wawili, halafu nakunywa yote kwa hasira.

Kwa hivyo mwezi uliopita, uliponiambia barafu imechelewa na kwamba isipokomaa kazi itafungwa uje nyumbani, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nikampelekea habari Mama Kui, kiongozi wetu wa akina mama kanisani. Unamjua. Akanishika mkono akasema, "Hiyo tuachie sisi. Tutaomba mpaka hilo ziwa liwe uji." Tukaomba kweli. Mimi nilifunga, hata chai sikunywa.

Juzi nikakuuliza kama wameshafunga. Ukasema bado wanangoja, na kila asubuhi lazima mtu mmoja atangulie kuijaribu barafu, akiigonga na chuma mbele yake, wenzake wakifuata kwa mbali wameshika kamba aliyofungwa.

"Na ni nani anatangulia?"

"Si ni mimi, Mum? Mimi ndiye mwepesi kuliko wote."

Ukacheka. Wee! Mukimo wote niliokulisha ulienda wapi? Halafu ukaniambia kwamba siku iliyotangulia barafu ilipasuka ukarudi nyuma mbio, na ulisema hivyo kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Simu ilipokatika nilikaa chini pale pale jikoni. Nilikuwa nikiomba barafu iwe nyembamba, na wewe ndiye uko juu yake.

Nilikupigia tena nikakwambia uache hiyo kazi. Hukunijibu vibaya. Ulisema tu unaipenda, na sauti yako ilikuwa ileile ya mtoto mwenye fimbo. Ningekulazimisha vipi, mami? Mimi sijui kukunyima kitu unachokipenda. Lakini moyo wangu unauma, na sitakuficha.

Kesho nitawasomea akina mama barua hii kabla sijaituma. Mama Kui ataguna, acha agune. Nitasimama mbele yao wote niombe baridi. Niombe ishuke kali usiku na mchana, iligandishe hilo ziwa mpaka lori lenye mzigo lipite juu. Najua maana yake. Kazi itaendelea, na Krismasi hii pia nitakaa mlangoni nikitazama watoto wa wenzangu wakishuka na mifuko yao. Nitaomba tu. Ganda, nitaliambia ziwa lako, ganda kabisa, unibebee mtoto.

Ni mimi mama yako, ninayekutaka hapa hata sasa hivi.