Mshenga Aliyekuja na Kalamu

Gongo la Mboto,
10 Juni 2025

Mwanangu Salumu,

Salamu tele zikufikie huko Kurasini. Mie mzima, ila magoti yanalalamika nikisujudu na masikio yamezidi kuziba. Ndiyo maana naandika, nampa Twalib wa bodaboda akuletee. Nikikupigia simu mtaa mzima unasikia majibu yako kabla yangu. Kifua chako kimepona?

Sasa kaa chini. Jana wamekuja kukuulizia!

Kaja dada mmoja nadhifu, anaitwa Gladness, kafuatana na mjumbe wetu, Mzee Romani. Ana mkoba, ana kalamu. Akauliza: mwanao anafanya kazi gani, ana nyumba, anaishi na nani, anakunywa? Nikajua hapo hapo, hawa ni watu wa upande wa mwanamke, wanachunguza. Enzi zetu walikuwa wanatumwa wazee wawili, wanajifanya wamepita kuomba maji ya kunywa. Kumbe siku hizi anatumwa msomi. Nikajikaza nisicheke.

Salumu, nimekupamba! Nikasema una malori matatu bandarini, una nyumba ya vyumba vinne Chanika, na bosi wako hasaini kitu bila wewe. Akauliza kama kuna watu wanaokutegemea. Nikasema hata mmoja, kijana hana mzigo. Akauliza, "Mama, kwa maoni yako anaweza kutunza mtoto?" Nikamwambia hata sita, waje kwa pamoja. Akaandika. Nikamletea vitumbua, akala bila kujivunga, nikaona tayari tumeelewana. Mwisho akanipa karatasi, nikatia saini, na dole gumba nikaongezea wajue hatuna masihara.

Binti ni wa nani? Niambie mapema nianze kutafuta sare.

Mama yako,
Mwamvita

---

Kurasini,
13 Juni 2025

Shikamoo mama,

Kifua kimepona, sasa kinachouma ni kichwa. Mama, umenimaliza.

Yule dada si mshenga. Ni afisa ustawi wa jamii. Nina mtoto, mama. Wa kike, anaelekea miaka minne. Mama yake anaitwa Avelina, kwao Kibosho, ana cherehani yake Chang'ombe. Tuligombana, nikaacha kupeleka matumizi, akaenda kunishtaki. Nilikuficha kwa sababu yeye ni Mkristo na hatukufunga ndoa, nikaona utanikasirikia.

Sasa sikiliza balaa. Nilimwambia afisa kwamba mie ni kibarua tu wa kupakua mizigo. Nikaenda na kandambili kabisa. Nilijua ukishataja kipato chako mwenyewe mambo yamekwisha. Kumbe siku hizi wanafuatilia mpaka kwa mama mtu! Jana kaniita, kanisomea maelezo yako mbele ya Avelina. Alipofika kwenye "hata sita, waje kwa pamoja," Avelina alicheka mpaka akatoka nje.

Malori matatu nilikuambia mwenyewe ili ufurahi. Fuso ni moja, tena la ubia na Farhan. Nyumba ya Chanika ni msingi tu, na nyasi zimeota. Naomba uende ukarekebishe maelezo kabla hawajapanga kiasi. Useme hukusikia maswali vizuri. Nakuomba sana.

Mwanao,
Salumu

---

Kurasini,
20 Juni 2025

Shikamoo mama,

Natumai u mzima. Mbona kimya? Twalib anasema ulisoma barua mlangoni, ukaingia ndani, ukafunga, hata maji hukumpa. Juzi nimekuja sikukukuta. Jirani, Mama Praygod, kaniambia umetoka asubuhi na mtandio wako wa Idi. Mtandio wa Idi, mama, siku ya kazi? Ulikuwa unakwenda wapi? Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana, moyo wangu utatulia.

Mwanao,
Salumu

---

Gongo la Mboto,
30 Juni 2025

Salumu,

Leo salamu sina. Nilizokuwa nazo nimempa mtu mwingine.

Ulitaka niende kurekebisha maelezo. Nimekwenda. Nimemwambia Gladness nilikosea, malori si matatu, ni moja, na nusu yake ya Farhan. Nyumba ni msingi na nyasi. Uongo wote nimeufuta. Halafu nikamwambia kwamba nilisahau bodaboda anayoendesha Twalib, na bajaji ya kaka yake, kwamba zote ni zako na hesabu unapelekewa kila jioni. Twalib ni kijana mzuri, lakini mdomo wake hauna breki. Hayo ni kweli, na nimeyatilia saini.

Nilikasirika, nataka ujue. Nililia pia. Si kwa sababu ya dini ya mtu. Na Mama Praygod nimepika naye misiba na harusi tangu hujaota meno. Nililia kwa kuwa niko hapa naongea na paka, kumbe nina mjukuu Chang'ombe, pale pale ninaponunua vitambaa.

Na jambo jingine. Zamani sheria ilimtaka mwanamume alipe shilingi mia kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Ilibaki mia hiyo hiyo mpaka mia ikawa hainunui hata sabuni. Dada yangu Zubeda, mama yako mkubwa, alilea wawili kwa mia hiyo. Sheria ilipobadilishwa tulipiga vigelegele. Leo niende mie, na mtandio wangu, nikuombee mia hiyo irudi? Huna haya.

Gladness akauliza matumizi yapitie wapi, maana Avelina amechoka kukufukuzia. Nikasema yapitie kwangu. Tumekubaliana sote watatu, mie, yeye na Avelina. Kila Ijumaa baada ya swala utayaleta mwenyewe kwa mkono, si kwa simu, wala si kwa Twalib. Mtoto atakuwepo. Usipotokea nitapiga simu ofisini kwenu, na unajua ninavyoongea kwenye simu.

Anaitwa Mwamvita. Hata hilo hukuniambia. Aliponiona aliniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Ni wewe mwenye jina langu?" Nikampakata.

Mama yako, na bibi yake

---

Kurasini,
3 Julai 2025

Shikamoo mama,

Naomba hasira ziwe zimepungua. Kiasi walichopanga sikukipinga. Kesho ni Ijumaa, nitakuja.

Leo nimepita dukani nimnunulie viatu, nisiingie na bahasha tu kama mtu wa benki. Muuzaji kaniuliza saizi. Nikamwambia miaka minne kasoro. Akasema, "Braza, miaka si saizi. Mguu wake ukoje?" Nikapima hewani kwa viganja, nikapunguza, nikaongeza. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, nikatoka.

Twalib anasema mtoto ameletwa kwako tangu jana. Mama, chukua uzi umpime mguu, kuanzia kisigino mpaka kidole, uukate hapo hapo umpe Twalib. Nimemwambia asubiri mlangoni. Na wewe mpe maji yake ya kunywa safari hii, hana kosa.

Mpime akiwa amesimama, ili kiatu kimwenee.

Mwanao,
Baba Mwamvita