Mafundi Wanapanda Daraja

10 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila hili goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Cherehani nayo inakohoa, lakini inashona.

Habari kubwa: Mafundi, timu aliyoianzisha marehemu baba yako, inaongoza ligi ya wilaya. Imebaki mechi moja, tukishinda tunapanda daraja la pili. Mtaani hapasemwi lingine. Kinyozi, mwenyekiti wetu, anamnyoa mtu upande mmoja kisha anaanza kuchora mbinu hewani kwa wembe.

Lakini kuna mfupa kooni. Daraja la pili linataka uwanja wenye ukuta na vyumba vya kubadilishia nguo. Sisi tuna uwanja wa kulishia mbuzi, na vijana wanavalia jezi sebuleni kwangu. Tukipanda, mechi zetu za nyumbani zitachezwa mji wa jirani. Wengine wanataka tukatae kupanda. Mwisho wa mwezi tuna mkutano. Wewe uliyekuwa beki wetu, tukakuita Komeo kwa kuwa hupitiki, unasemaje?

Mama yako

21 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo. Hapa kiwandani tunatengeneza magodoro mchana kutwa, na hakuna hata mmoja wetu anayelala vizuri.

Mama, kataeni. Nikifumba macho naziona Jumapili zetu: Baba anamwaga chokaa na mistari inakwenda mshazari, sisi tunagombania jezi sebuleni, nawe mlangoni, “Viatu nje! Hii sebule, si zizi!” Halafu unakaa pale kwenye kona na kumtukana refa kwa adabu: “Mheshimiwa, macho umeyaacha nyumbani?”

Milingoti ile Baba aliichonga kwa mikono yake. Timu ikihama, nani ataitazama? Nibakizieni kitu kimoja kama nilivyokiacha.

Mwanao, Komeo

9 Machi

Mwanangu,

Salamu na mapenzi mengi. Sisi ni wazima, ila sauti imenikauka, na sababu utaijua sasa hivi.

Niliingia mkutanoni na barua yako mkobani, na nilisimama ili niseme uliyoyasema. Ndipo nikamwona golikipa wetu, yule fundi baiskeli, amekaa nyuma anatazama vidole vyake. Nikamuuliza, “Na wewe baba, unataka nini? Maana watu wanakuamulia tu.”

Akasema, “Mama, nataka kujua kama mimi ni hodari kweli, au ni hodari wa hapa tu.”

Nikaufunga mkoba. Wewe ulisema hivyo hivyo ulipokuwa unafunga begi lako. Sikukuzuia wewe, nitawazuiaje watoto wa wenzangu? Nikanyoosha mkono tupande, na wengi wakafuata.

Jumapili tulishinda bao moja kwa bila. Nililia mpaka refa akaja kuuliza kama nimeumia.

Usinikasirikie.

Mama yako

2 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Tangu Machi nimekuandikia, hujajibu. Kama umenuna, basi nuna kwa maandishi, nijue u mzima.

Ratiba ya daraja la pili imetoka. Tunakuja kucheza mji wako, Jumapili ya tatu ya mwezi huu! Nimepewa kiti kwenye basi la timu. Nitalala kwako.

Mama yako

9 Agosti

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Mimi mzima. Ila usije. Jumapili hiyo niko zamu kiwandani, na chumba kinapakwa rangi. Tena safari ni ndefu, goti lako halitaweza. Tutaonana mwakani, Mungu akipenda.

Mwanao

25 Agosti

Mwanangu,

Nimefika salama. Goti limevimba, lakini moyo umepungua uzito. Mgongo wako unaendeleaje?

Mabao matatu yale tuliyofungwa yameshasahaulika huku. Kinachosimuliwa ni yale aliyookoa golikipa. Hata wenyeji wenu walimpigia makofi, nawe uliona jinsi alivyotembea baada ya hapo, kama mtu aliyejibiwa swali.

Nataka nikwambie ilivyokuwa kwangu. Nilikuwa nimekaa katikati ya wageni, nikakusikia kabla sijakuona: “Beki, rudi! Rudi nyuma!” Nikageuka. Uko kwenye uzio, umekonda, umevaa koti la wapagazi wa sokoni. Uliponiona ukataka kuondoka. Ndiyo maana nilikuita lile jina la utotoni mbele ya kadamnasi, na kama uliona haya, shauri yako.

Kumbe kiwanda kilifungwa tangu Machi. Kumbe hakuna rangi wala zamu, uliogopa nikione chumba. Basi nimekiona. Kina dirisha moja na linatazama ukuta, na kitanda kimoja ulichonipa mimi, ukalala chini. Nililala vizuri kuliko ninavyolala kwangu. Kubeba magunia si aibu, mwanangu. Kinachoniuma ni kwamba mimi nakuandikia kila siku habari za goti langu, na wewe unanificha mgongo wako.

Sikufichi na mimi: uwanja wetu umeota majani mpaka magotini. Jumapili mtaa uko kimya, nakaa na cherehani na sebule yangu ni safi, na usafi wenyewe siupendi. Lakini tusingepanda, nisingekuona.

Kinyozi anasema kwa mpira huu tunaoucheza, msimu ukiisha tutashuka daraja. Tukishuka, hakuna basi litakalonileta huko tena. Itakuwa zamu yako kusafiri.

Mama yako