Gunia la Maranda

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu Mwajuma,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya mama, maana najua wote wanaopita hapo nyumbani wanauliza hali ya mgonjwa, hakuna anayeuliza yako. Umeamkaje? Mikono yako je, kwa kumgeuza mama kitandani kila siku? Na yeye macho yake yanaona hata mwanga wa mlangoni, au ndiyo basi tena? Mimi ninaweza kukaa na kuandika. Hali yangu nyingine nakueleza.

Sikupiga simu kwa sababu wewe huweka sauti ya juu ili mama asikie, na haya sitaki ayasikie. Barua anakuletea baharia wa meli ya saruji. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Umeniuliza nakuja lini, maana mama kila jioni anauliza kama nimefika. Ulisema ukimpa simu anaisukuma, anasema simu si mtu, anataka kusikia mguu wangu mlangoni. Dada, siji. Nimeona nikuambie wazi kuliko kukupa siku ambayo mwenyewe siiamini.

Ilikuwa mwezi wa mfungo. Nilikuwa nashuka melini na mfuko wa saruji, ubao wa kushukia ukacheza, nikageuka kuuokoa mfuko, mgongo ukalia kama kuni kavu. Toka hapo mguu wa kushoto una ganzi. Nilikwenda hospitali kule Kamenge, daktari akasema nisibebe tena kitu kizito. Nikamshukuru. Kesho yake nikarudi bandarini, kwa sababu hapa hakuna anayenijua kwa kazi nyingine.

Kila asubuhi tunajipanga, kapita, yaani msimamizi wetu, anachagua watu. Juzi akasimama mbele yangu.

“We Mutanzania, mugongo bado inakusumbua?”

“Apana, kapita. Imepona.”

“Tembea nione. Mi sitaki mutu mugonjwa ku ubao. Ukianguka, ni mi wataniuliza.”

Nikatembea. Nyuma yangu mmoja akasema, “Muangalie, anatembea kama bwana harusi,” wakacheka, na kapita akacheka, akanipitisha. Nilipofika kwenye shehena, machozi yakanitoka kwa maumivu, nikayapaka vumbi la saruji.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwalimu Zainabu. Unakumbuka igizo letu la siku ya wazazi? Mimi nilikuwa mtoto aliyekwenda kazi mbali, wewe mama yake, ingawa ulinizidi madarasa mawili tu. Gunia langu tulilijaza maranda kutoka kwa fundi seremala, jepesi hata mtoto mchanga angelibeba. Mwalimu alinizungusha uwanjani wiki nzima. “Hamisi, hilo ni gunia, si mto wa kulalia. Magoti chini kidogo. Shingo iingie. Usitabasamu.” Nikajifunza kubeba kitu chepesi kama kizito. Siku hizi nabeba kizito kama chepesi, na somo ni lile lile, ila simwoni tena wa kunipigia makofi.

Na siku yenyewe, unakumbuka nilivyokwama? Nilikuwa nyuma ya zile khanga mbili tulizofunga kuwa pazia, nimeshabisha hodi, mara nasikia kitu kinamwagika miguuni. Gunia lilikuwa limechanika chini. Maranda yote yapo mchangani. Nikaona haya kuingia. Wewe ukasema maneno yako, “Nani huyo? Ni mwanangu?” Sikuingia. Ukasema tena. Mara ya tatu ukasema jambo ambalo halikuwamo kwenye igizo: “Ingia tu, mwanangu, ulivyo hivyo hivyo.” Nikaingia na gunia linaning'inia kama nguo ya kuanika. Watu wakacheka mpaka mwalimu mkuu. Wewe hukucheka. Ulilipokea kwa mikono miwili, ukayumba, ukalitua chini polepole, ukafuta jasho. Kicheko kikakatika, makofi yakaanza.

Najua ukisoma hapa utasema, basi ingia tu ulivyo. Dada, nikija nitalala chumba cha pili, na wewe utakuwa unageuza watu wawili. Hicho kidogo ninachotuma, ambacho ndicho dawa ya mama, kitakoma. Ngoja kapita anigundue mwenyewe. Haitachukua muda.

Nina ombi moja. Mwite binamu yetu Yusufu, tuna kimo kimoja na sauti zetu watu walikuwa wakizichanganya. Jioni mama akiuliza, yeye abishe hodi. Mpe gunia, ulitie hata majani makavu. Mfundishe kutembea: magoti chini kidogo, shingo iingie, aburute mguu kama mtu wa safari. Asiseme mengi. Ashike mkono wa mama, kisha aseme amechoka, anakwenda kulala. Najua ni uongo. Nimetafuta kingine cha kumpa mama, sikukiona.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, mwambie sijasahau kikohozi chake. Msalimie mumeo, na yule fundi seremala kama yu hai. Mwalimu Zainabu ukimwona njiani, mwambie nafanya kazi bandarini, usiongeze neno.

Huenda mama atatambua kwamba si mimi. Hata siku ile ya igizo alikaa benchi la mbele, aliona wazi kwamba gunia halina kitu, na bado ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga makofi. Kwa hiyo akitambua, msibishane naye. Wewe lipokee gunia kwa mikono miwili, uyumbe kidogo, ulitue polepole asikie.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki nyuma ya pazia,

Hamisi