Mkono wa Nambari 41

Jumatatu, 5 Mei 2025

Jarida bado halijajibu. Huu ni mwezi wa saba tunangoja! Kuna watoto wanaozaliwa na miezi saba na wanaishi. Daktari Wacera anasema nitulie, ndivyo ilivyo: kuna wasomi wawili ng'ambo wanaosoma utafiti wetu, na majina yao ni siri. Mmoja ni Msomaji wa Kwanza, mwingine ni Msomaji wa Pili. Wa Kwanza alikubali zamani. Wa Pili ndiye anatukalia. Hana jina, hana uso, na anasumbua watu — mimi kitu kama hicho najua kinaitwaje. Bwana nisamehe.

"Utafiti wetu" nasema bila haya. Daktari ana digrii, mimi nina miguu. Nani alizunguka nyumba za wachunaji wa majani chai mwaka juzi wote akiwaita waje wapimwe vidole? Mimi, mhudumu wa afya, darasa la nane. Unamfunga mtu macho na leso, unamwambia okota pini ishirini hapo mezani. Wale wanaobeba mashine ya kuchunia majani, ile inatetemesha mikono kutwa, pini zinawashinda. Tulipima Machi, Julai na Novemba.

Leo Janefer, mmoja wa wachunaji wa mashine, alikuja sweta wazi. Vifungo vimemshinda tena. Nikamfungia. Akaniambia, "Mama Kepher, mwambie huyo mtu wako wa ng'ambo asome haraka, karibu niende kanisani kifua wazi." Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Lakini kontrakti yake inaisha mwisho wa mwezi. Osoro wa kliniki ya kampuni alishasema: utafiti ukichapishwa, kampuni itahamisha wenye ganzi kwenda kitalu cha miche, kazi nyepesi. Bila hiyo karatasi, ganzi ni uvivu. Mkutano wa wakubwa ni tarehe 30.

Sabato, 10 Mei

Leo sisi akina mama wa Dorkasi kanisani tumemwombea Msomaji wa Pili. Mama mmoja akauliza, kwani ameokoka? Nikasema hatujui hata kama ni mwanaume. Basi tukamwombea kwa jumla. Mwenzetu Ann akakemea roho ya kuchelewesha kwa sauti mpaka mbwa wa kanisa akatoka nje. Nilifungua jicho moja. Janefer alikuwa anasugua vidole chini ya leso, kama mtu anayejaribu kuwasha moto.

Jumatano, 14 Mei

AMEJIBU! Swali moja tu.

Na swali lenyewe — ai. Daktari alinipigia. Msomaji anauliza habari za mshiriki nambari 41. Machi aliokota pini tatu. Julai, kumi na tisa! Novemba, mbili. Sasa Msomaji wa Pili anataka kujua: Julai alipona vipi?

41 ni Janefer. Na Julai hakuwa Janefer.

Hapa kwetu mtu akipata shida anatuma ndugu yake amshikie nambari. Shambani ni hivyo, foleni ya kliniki ni hivyo. Jina halina maana, nambari isikose mtu. Janefer alikuwa matangani Chepilat, akamtuma dada yake Tecla amshikie nambari mezani kwangu. Tecla, anayeuza vitunguu Kedowa! Hajawahi hata kuguswa na hiyo mashine. Nilimwona, namjua, nikamsalimia, nikauliza habari za soko. Halafu nikaandika 41.

Daktari akauliza, "Labda alipumzika, mama? Alitumia dawa? Ama ni yale maombi yenu?" Anacheka.

Nikamjibu, "Mungu ni mwema, Daktari."

Si uongo. Mungu ni mwema! Nimeangalia kwa Biblia, iko mahali pengi.

Jumanne, 20 Mei

UMEKUBALIWA! Msomaji wa Pili ameridhika na jibu la Daktari. Nilipiga kigelegele mpaka maziwa yakamwagika jikoni. Nimechinja jogoo. Janefer alishika paja kwa viganja viwili kama kindi, mafuta mpaka kwa kiwiko. Akasema akifika kitalu cha miche atapanda hata mawe.

Nililala kama mtoto. Sijasikia sauti yoyote moyoni. Nadhani Roho alikuwa ananiachia nimalize kuku.

Ijumaa, 23 Mei

Osoro alikuja na nakala aliyopewa na Daktari. Anatabasamu. "Hongera, mama. Ukurasa wa sita ni mtamu sana."

Akanisomea. Eti mshiriki wa 41 alipata nafuu hivyo hivyo tu, bila matibabu, akiendelea kubeba mashine. Kwa hivyo wakubwa wamefurahi: hii ganzi inakuja na kwenda. Habari ya kitalu imeisha. Watu wavumilie tu.

Nilimwambia Janefer kabla ya jua kutua. Akasema, "Yaani mimi ndiye nimejifukuza kazi? Na mkono wa Tecla?"

Nikasema ndiyo.

"Na hata pini moja alidondosha, mjinga yule."

Alicheka peke yake. Mimi nilishindwa.

Sabato, 24 Mei

Mchungaji alitangaza Mama Kepher atashuhudia vile maombi yamejibiwa. Nikatoka kwenda choo. Nilikaa huko mpaka wimbo wa mwisho. Inzi na mimi. Nikamwambia Mungu, wewe ulisikia nikisema wewe ni mwema, mbona hukunikanyaga mguu?

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi Daktari alituma ujumbe: kama kuna kosa lolote, mwisho wa kusahihisha ni kesho saa sita mchana. Baadaye utafiti utatoka hivyo hivyo, hata kabla ya tarehe 30.

Nikisema ukweli, huenda ukarudi kwa Msomaji wa Pili, aukalie miezi mingine saba, na kontrakti ya Janefer iishe bila karatasi. Nikinyamaza, karatasi itatoka, na mkono wa Tecla utawahukumu wote wenye ganzi. Na mimi? Nani tena atanipa kalamu?

Janefer alikuja baada ya chai. Nikamweleza yote mawili. Akasema, "Piga." Akachukua simu yangu apige mwenyewe, kidole kikateleza mara tatu, akanirudishia.

Daktari akashika. "Mama Kepher! Ndio tunatoka kanisani huku Londiani, baba yangu anataka nikuletee gunia la viazi, amesema bila wewe—"

Nikamwambia, "Daktari, nambari 41 ni watu wawili. Na nilijua."

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Halafu akasema polepole, "Usikate, mama. Wacha nifungue laptop."

Ndio naandika hapa nikingoja, simu iko kwa sikio. Janefer amekaa mbele yangu. Amemwaga pini mezani, amefumba macho, anaokota. Nasikia Daktari akibonyeza, akipumua.

Janefer ameuliza bila kufungua macho, "Ni ngapi?"

Moja, nimemwambia.

"Andika."