Damu Iliyo kwa Shati ya Kivuva

Kwa sanduku la duka la Keinan,
Zombe,
Kitui.
9 Agosti 1990

Mpendwa Muthoki, mjukuu wangu na mke wangu mdogo,

Mimi babu yako nina miaka themanini na mbili. Nimezika machifu wanne, nimezika nyanya yako uliyepewa jina lake, nzige walikuja wakaenda wakaniacha, na ile njaa ya kulala na pesa mfukoni bila chakula sokoni, hata hiyo iliniacha. Meno yangu bado yanavunja mfupa. Mtu akikuambia mzee amechoka, huyo ni mwongo, na jina lake uniletee.

Habari ya hiyo baridi ya huko kwa wazungu? Unakula ukashiba? Kifua kile cha utotoni hakijarudi? Sisi hapa tu wazima, ila mimi sikai. Naketi, nasimama, naenda hadi kwa zizi, narudi. Hii barua nimeianza mara nyingi, na kwa mkono wangu mwenyewe, maana hapa Zombe hakuna wa umri wangu anayeweza kushika kalamu. Herufi zikilala, wewe ziinue.

Ndengu tulivuna kidogo. Ng'ombe mwekundu alizaa.

Sasa nisikilize. Baba yako Musyoka hakukuandikia, najua. Alikuja kutoka Matiliku akaniambia, "Baba, mwache mtoto asome." Nikamwambia, si kusoma ndiko ninakotaka?

Mwezi wa tano Mutunga, jirani yetu, alikutwa asubuhi karibu na lango letu amekatwa panga. Mungu amrehemu. Tulimbeba kwa pikapu ya Keinan hadi mochari ya Kitui. Tuliporudi nilisema pale mahali patakaswe. Unajua mila. Damu ya mtu aliyeuawa haiachwi njiani watoto na mifugo waikanyage. Tukanunua beberu kwa Roble, yule Msomali wa mifugo, baba yako mdogo Kivuva akamchinja, tukachanganya ng'ondu, yale maji ya majani na uchafu wa tumbo la mbuzi, nikanyunyiza mimi mwenyewe. Wanawake wakafagia hadi ardhi ikang'aa.

Usinikemee. Najua barua yako ya mwaka jana ulisema mahali pa mauaji hapaguswi hata jani. Lakini wewe uko mbali, na wajukuu wangu wanapita hapo wakienda shule. Ningefanya tena.

Polisi walifika jua likiwa limeinama. Afande akaangalia ile ardhi, akashika kiuno.

"Nani alifagia hapa?"

"Sisi sote," nikasema.

"Basi niwashike nyote?"

Mumbua, mke wa Kivuva, hawezi kunyamaza. "Utatubeba na nini, afande, na hilo gari lako limesukumwa na watoto mpaka hapa?"

Watu wakacheka. Afande hakucheka. Alikuwa anaangalia shati ya baba yako mdogo Kivuva, imejaa damu kutoka kifuani hadi mikono. Akauliza kama hao wawili walikuwa na ugomvi. Na ni nani Zombe asiyejua? Ng'ombe wa Mutunga walikula ndengu ya Kivuva, na Kivuva akasema mbele ya soko zima kwamba siku moja atamkata. Walimpakia hapo hapo. Shati ikavuliwa ikatiwa kwa mfuko.

Kesi inaingia korti kubwa ya Machakos mwezi wa kumi. Hukumu yake unaijua. Kamba ya shingoni.

Uliniandikia kwamba huko chuoni mnaweka tone la dawa kwa damu iliyokauka, na damu ya mtu inajitenga na ya mnyama. Nilicheka siku hiyo, nikamwambia Mumbua wazungu wamekudanganya. Sasa sicheki. Ni kweli? Na kama zimeingiliana kwa shati moja, zinaonekana zote mbili? Wakili wetu, kijana anaitwa Mbuvi, anasema shati haijapimwa, polisi wanaileta hivyo hivyo. Nikamwambia adai ipimwe. Akakataa. Alisema, "Mzee, tukinyamaza, jaji anaweza kuwa na shaka, na shaka itamwokoa. Tukiuliza, hatujui tutajibiwa nini." Baba yako Musyoka naye anasema hivyo hivyo. Wazee wa ukoo wanataka tule kiapo cha kithitu, kile kinachomuua mwongo, yaishe. Wote wananitazama kama mtoto.

Basi nilipanda basi nikaenda Machakos kumwona Kivuva rumande. Nilimuuliza kwa Kikamba, macho kwa macho, "Ni wewe?"

Akasema, "Baba, si ulikuwepo nikichinja?"

Muthoki, hilo si jibu. Nimetembea nalo tangu siku hiyo na halijatua. Ndiyo maana nakuambia sikai.

Halafu Kaluki, mjane wa Mutunga, alinikuta kisimani. Tangu mazishi hakuwa amenisalimu. Akaweka mtungi chini, akasema, "Wewe mzee unayejua kila kitu, ni nani aliniulia mume?" Mimi, Muthoki, niliyesimamia watu mia wakipasua barabara ya Kitui, niliyewajibu wazungu na machifu, nilimwinulia mtungi tu.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwandikie Mbuvi kwa maneno ya kitaalamu, mwambie shati hiyo ipelekwe wapi na ipimwe vipi, na mwalimu wako atie sahihi. Harakisha, barua zinachelewa. Ikiwa ni ya mbuzi peke yake, mwanangu arudi nyumbani na nitamchapa kwa lile jibu lake. Ikiwa kuna ya mtu, usinifichie na usimfichie Kaluki. Baba yako atakasirika na wewe. Mwambie ni mimi niliyekutuma, anigombeze mimi.

Mumbua anakusalimu, na watoto wake wote, na shangazi yako Nthenya wa Ikutha. Mungu wa nyanya yako akufunike, akutoe huko ukiwa na akili yote na mwili wote.

Mtu akikuambia nimezidisha, waulize hawa. Roble atakuambia beberu alikuwa mweupe mwenye pembe moja. Nilimuuliza kama shati ya Kivuva ilikuwa safi alipotuletea mbuzi, akasema, "Mzee, mimi niliangalia mbuzi." Mchungaji Jonah aliona ng'ondu yote, ingawa atasema alikuwa nyuma ya ghala akisoma zaburi. Mumbua alifagia. Hao ni mashahidi wangu kwa kila kitu tangu mbuzi alipoanguka.

Kwa shati kabla ya mbuzi, sina shahidi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Ni mimi, babu yako anayekupenda na kukungoja,
Mzee Muli wa Zombe