Shavu Ulilokuwa Ukilibusu

Shangazi yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa gazetini, bila kutaja majina yetu. Huko Maskati kwa mwanao hutakosa wa kukusomea. Mimi nimekusomea mengi maishani, na moja katika hayo ndilo lililonifanya niandike.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka chuo cha Kurani nikilia? Watoto wa Langoni walisema lile baka jekundu shavuni mwangu ni kofi la shetani, eti alinizaba nikiwa tumboni. Uliniosha uso kwa mai, ukanibusu baka lote, kutoka puani mpaka chini ya sikio. Ukasema, "Na wakuangalie mpaka mato yawatoke. U mzuri vivyo ulivyo." Tangu hapo kila asubuhi ulinibusu pale pale, shavu la kushoto. Mamangu nilikuwa simjui. Wewe uliondoka Kizingitini kuja kunilea, wewe somo uliyewafunda na kuwapamba maharusi nusu ya mji huu, na nilikuamini kuliko kioo.

Nilipochumbiwa nikasikia kuna daktari Mombasa anayefifisha mabaka kwa mwanga wa leza. Niliogopa kukwambia, nikidhani utaona nimeyakataa maneno yako. Ukasema, "Twende." Tulivalishwa miwani nyeusi sote wawili, ukacheka ukasema tumekuwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Kila mwanga ulipopiga ni kama mpira wa raba unaonichapa, na kila uliponichapa wewe ulinibana mkono. Safari ya nne baka lilikuwa limefifia hata wewe ulilitafuta kwa kidole.

Daktari alitupa karatasi ya masharti. Nisikae juani, nisisugue ngozi, nisipake krimu yoyote, hasa hizi za kujichubua, kwa kuwa ngozi ikishachubuliwa mwanga huiunguza. Nilikusomea mara mbili. Ukasema, "Haya, tumesikia."

Kisha harusi ikakaribia, nikawekwa ndani kama mwari, ukaanza kunisinga, kunisugua mwili kwa singo ya manukato. Ulipofika usoni nilikuuliza, "Na hapa pia?" Ukajibu, "Liwa na marashi tu. Singo yangu imemdhuru nani?" Nikafumba macho. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Kwetu singo si dawa wala si krimu, ni singo, na sikuona kama inahusika na karatasi ya daktari. Kwa hivyo siku ya safari ya tano, daktari aliponiuliza kama nimepaka chochote, nilimwambia, "Wallahi sikupaka kitu."

Ulikuwa umekaa kando yangu, Shangazi, tasbihi mkononi. Uliniacha niape.

Jioni ile shavu lilivimba, kesho yake likafanya malengelenge, na wiki ya pili nikapambwa kwenye kiti cha bibi harusi nikiwa na bendeji. Wewe ndiwe uliyenivutia mtandio ili wanawake wasione. Ukawaambia daktari ni mchinjaji, nami nikaamini. Nilimtumia daktari yule ujumbe wa sauti wenye maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa. Ulikuwa umesimama nyuma yangu ukisema, "Mwambie. Mwambie tena."

Ulipoenda Maskati, mtoto wa jirani alinijia nimsagie singo. Nikafungua kasha lako nitoe jiwe la kusagia mti wa liwa. Chini yake nilikuta krimu ya kujichubua, imekamuliwa mpaka mwisho, imeviringishwa ndani ya karatasi ya daktari niliyoitafuta nyumba nzima. Nikainusa. Ni ile harufu kali iliyokuwa kwenye singo yangu, uliyoniambia ni karafuu mbichi.

Nilikupigia simu nikiwa bado nimeishika. Hukukana. Ulisema, "Nilitaka uwe mzuri kabla ya siku yako." Kisha ukakata, na tangu hapo hupokei.

Nilifunga safari mpaka Mombasa kumwomba daktari radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza nani alinipaka, nikasema ni mtu wa nyumbani. Akaniambia nifumbe macho, atanigusa kovu kwa pamba, niseme nikihisi. Nilingoja aanze, kumbe alishamaliza.

Kuungua nimekusamehe. Mume wangu hajawahi kusema neno juu ya kovu, na mimi nimelizoea kama nilivyolizoea baka. Kiapo cha uongo ulichoniachia nimekitubia. Lakini lile neno lako, uwe mzuri, limenishinda. Kama nilikuwa bado sijawa mzuri, zile asubuhi zote ulikuwa ukibusu nini? Nimekaa na swali hilo tangu mwezi wa kufunga mpaka sasa, na limeniumiza kuliko moto. Umenisaliti, Shangazi. Nakwambia waziwazi.

Nasikia utarudi Mfungo Sita, inshallah, kwa maulidi. Nitakuja gatini kukupokea, maana wewe ndiwe uliyenilea na sitakuaibisha mbele za watu. Nitaubusu mkono wako kama siku zote. Nawe utanivuta unibusu shavu la kushoto, nakujua. Nitakuachia unibusu.

Sitahisi kitu.

Ni mimi, binti wa kakako, uliyemlea