Mwiko wa Mama, Kifuniko cha Kisanduku Chako

Papa,

Mama ametoa mwiko. Ule ule wa mukula, mti mwekundu wa kwetu, aliotoka nao Likasi ameufunga ndani ya nguo. Ule uliouomba miaka yote, naye akikujibu mbele ya wageni: "Gusa mwiko yangu, utakula viazi ya frites mpaka utakufa!" Asubuhi moja, mwezi wa kwanza bila wewe, aliuosha, akaufuta, akaniwekea mezani bila mimi kuomba. "Kamata. Maliza kazi ya papa yako." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Kazi yenyewe unaijua. Ni kisanduku chako cha mwisho cha kuitia kanga, wale ndege wa porini, ulichokiacha dirishani hakina kifuniko. Mwili ulishauchonga kwa mbao laini ya droo uliyookota barabarani, hapa hapa mtaani kwetu Ixelles. Kilichobaki ni mbao ngumu ya juu, maana ulisema laini kwa laini hulala, na ngumu kwa ngumu hugombana. Basi kila kabati lililotupwa nje lilikuwa lako. Watu wanatoka kusukwa nywele Galerie d'Ixelles, wanakukuta umepiga magoti kando ya kiti kibovu, unakigonga kwa kidole, umetega sikio. Mimi natamani ardhi ipasuke inimeze, wewe wala. "Mbao iko inasema, mutoto yangu. Weye sikia tu."

Ujanani, kule porini nje ya Likasi, visanduku hivyo viliwaleta kanga mpaka karibu na miguu yako. Brussels kanga wako alikuwa mimi. Nikicheza uani, ulifungua dirisha ukasugua kifuniko juu ya kisanduku, kraa, kraa, nami nikaacha mpira nikakimbilia ngazi. Mama jikoni anacheka: "Kanga yako iko inapanda!"

Sijakuambia habari ya siku tuliyokwenda kukuchagulia jeneza. Yule bwana wa mazishi alikuwa mpole, akaanza kutueleza rangi na vishikio. Sikumsikia. Nilijikuta nagonga. Nikaenda moja baada ya jingine, sikio juu ya mbao, mpaka bwana akaishia kutazama viatu vyake. Moja likajibu, Papa. Likajibu vizuri, ungelipenda. Nikasema ni hili. Mama akanishika mkono. "Hapana. Yenye kujibu itamusumbua. Chagua yenye kunyamaza, alale."

Nikachagua lililonyamaza. Nililigonga mara mbili kuhakikisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba vidole vyangu, ulivyovifundisha kutafuta sauti, vilikutafutia kimya.

Sasa nimeelewa kwa nini uliutaka mwiko ule. Bukari ni unga na maji tu, na Mama hakuusongea kitu kingine, kwa hiyo haujaonja mafuta hata tone. Mafuta huua sauti, ulisema, ndiyo sababu ulinifukuza nikija na mikono ya mandazi. Lakini maji umeyanywa, miaka na miaka! Nilitaka kuuweka juu ya chauffage, kile chuma cha kupasha nyumba joto, ukauke upesi. Nikasikia kelele zako kabisa, "Mbao haikimbizwe, utaipasula!", nikauondoa. Ukalala juu ya kabati majira yote ya baridi. Mama alinunua mwingine Matonge, na kila siku anaulaumu, mara mwepesi, mara una harufu ya duka. Anasonga bukari kidogo na bado inabaki.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliushusha. Nilifupisha mpini, nikakwangua tumbo lake likabaki na mviringo mdogo kama ulivyonionyesha, nikaufunga juu ya kisanduku kwa skrubu yako, nikapaka chaki mbao zisiteleze. Nikafungua dirisha. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Nikalegeza skrubu kidogo, nikasugua tena.

Sauti imetoka, Papa. Nene kuliko zako, lakini ni yenyewe. Watoto wa uani wakainua vichwa. Nikasugua, nikasugua, machozi yananidondokea kwenye kola, nakilinda kisanduku kisilowe. Mama akatoka jikoni, unga mikononi. Hakunitazama mimi. Alifungua mlango wa nyumba, akasimama anatazama ngazi. Nami nikaacha dirisha nikasimama nyuma yake. Watu wazima wawili, wenye akili zetu, tukasubiri.

Hakuna aliyepanda. Mama akafunga mlango taratibu, akarudi kwenye sufuria. Bukari ilikuwa imeungua chini. Tukaila hivyo hivyo.

Bon, Papa. Lala. Nilitaka kukuletea kisanduku kaburini, Mama amekataa, anasema nisikuamshe, umechoka. Kitakaa dirishani. Nakuahidi sitamwacha Mama ale peke yake Jumapili, na kila bukari ikiiva nitakisugua, si ili uje, ila ujue bado tuko hapa. Mafuta hayatakigusa.

Na siku yangu ikifika, ita wewe. Usichoke kuita, ngazi hizo sizijui. Nikisikia tu, nitaacha chochote nilichoshika, nitapanda.

Kanga wako